Sahihi Arobaini na Mbili, Majibu Arobaini na Moja

Waliokosa wiki iliyopita wasogee karibu niwape kwa mkato, maana leo sina subira hata ya kukaa kitini.

Mimi ndiye yule msichana wa mwaka wa tatu, masomo ya Utunzaji wa Kumbukumbu, katika chuo cha binafsi ambacho si kikubwa wala si kidogo. Ni kikubwa kiasi cha mhadhiri kutolijua jina lako, na kidogo kiasi cha kila mtu kujua umeachwa na nani. Wenzangu waliniita Mkono. Nilikuwa kiongozi wa darasa, karatasi ya mahudhurio ilikaa kwangu, na sahihi ya mtu yeyote nikiitazama mara mbili tu, mara ya tatu naiandika mwenyewe.

Nilianza kwa kumsainia mmoja aliyekuwa na homa. Kufikia katikati ya muhula nilikuwa nawasainia kumi na mmoja, na homa yao ilikuwa ya usingizi. Chuo kilikuwa kimenunua mashine ya kusoma alama za vidole, ikazinduliwa kwa keki na hotuba, ikafa baada ya wiki tatu. Tukarudi kwenye karatasi.

Mtu mmoja tu ndiye aliyenikataza. Tuliishi naye chumba kimoja hosteli, na tulimwita Shangazi ingawa hakuwa shangazi wa mtu pale. Alikuwa na miaka ishirini na saba, alikuwa amechelewa kuanza chuo, alipiga pasi hata soksi, na alitugombeza sote kama watoto wa kaka yake. Siku ya kwanza kabisa aliniambia: "Mimi usinisainie. Nikikosa, nimekosa."

Nikamwahidi.

Kisha mama yake akaugua. Akawa anakwenda na kurudi, siku nzima njiani kwenda, siku nzima njiani kurudi, hadi nafasi zake za kukosa darasa zikaisha. Kwetu, ukikosa zaidi ya robo ya vipindi, mtihani wa mwisho huufanyi. Alfajiri ya Jumatatu moja akapigiwa simu, akaondoka na mkoba mmoja. Hadi Jumatano simu yake ilikuwa bado imezimwa. Siku hiyo, kwa ajabu, wale wa homa ya usingizi walikuja wote, wakasaini wenyewe. Nikaiona nafasi tupu mbele ya jina lake, nikaona itamponza, nikatia sahihi yake. Kwa mapenzi tu. Nilijiona mtu mwema kwelikweli.

Papo hapo mhadhiri akaichukua karatasi, akasema, "Madaftari chini. Leo kuna jaribio."

Hakuwa ametutangazia. Mwisho wa kipindi akahesabu, akapata sahihi arobaini na mbili na majibu arobaini na moja.

Mengine mnayakumbuka. Shangazi alirudi baada ya wiki, shingo imekonda. Mama yake alizikwa Jumatano ile ile, saa nne ile ile. Akaomba apewe jaribio upya, akaambatanisha kibali cha mazishi. Mhadhiri akaweka kibali upande mmoja na karatasi yangu upande wa pili, akasema hakuna binadamu anayeweza kuwa makaburini na darasani kwa wakati mmoja. Kwake yeye mambo yalikuwa wazi: msichana aliingia, akasaini, akaliona jaribio, akachomoka kwa mlango wa nyuma, kisha akatafuta karatasi ya kumzika mama aliye hai. Akampeleka kamati ya nidhamu kwa kosa la kughushi, na adhabu ya kosa hilo ni kufukuzwa.

Niliwaachia pale Shangazi aliponikazia macho chumbani na kuniuliza, "Mkono, ni wewe?"

Sasa sikieni nilivyojibu.

*

"Si mimi," nikasema.

Kuna msomaji ameliandikia gazeti kwamba mtu kama mimi anafaa kuchapwa bakora. Ndugu yangu, usiitupe hiyo bakora, bado hujasikia.

"Apa," Shangazi akasema.

"Haki ya Mungu."

Akashusha pumzi, akaketi kitandani. "Nilijua. Nilimwambia kaka yangu kwenye simu, yule mtoto anawasainia wote, lakini mimi aliniahidi."

Nikafungua dirisha. Nikalifunga. Nikapanga vitabu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Hebu tulia, unanizungusha kichwa."

"Nimetulia."

"Sikiliza basi. Kesho saa nne naingia mbele ya kamati. Nimewaambia nina shahidi."

"Shahidi gani?"

"Wewe."

Kitabu kikaniponyoka.

"Sasa nani mwingine?" akasema. "Wewe ndiye unayeshika karatasi. Wewe ndiye unayelala kitanda cha pili. Utawaambia sikuwepo, na hiyo sahihi kaiweka mtu mwingine. Wakikuuliza ni nani, sema hujui. Si ndiyo ukweli?"

"Ndiyo."

"Mbona unatoka jasho?"

"Dirisha limefungwa."

"Si umelifunga mwenyewe! Lifungue!"

Nikalifungua. Alikuwa akinigombeza kama zamani, kabla ya msiba, na nilifurahi kuisikia sauti ile hata kama nilitaka ardhi ipasuke inimeze.

Kabla sijasonga mbele, kuna neno la bahasha.

Kile kibali cha mazishi mimi ndiye niliyekipeleka ofisi ya mlezi wa wanafunzi. Siku aliyorudi, Shangazi hakuweza kunyanyuka. Alinikabidhi bahasha, akageukia ukutani. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa saa kumi ya siku hiyo hiyo. Nikatoka mbio. Kwenye ngazi za ghorofa ya pili, mjomba wangu akanikuta nimepiga goti, bahasha juu ya paja.

Mjomba ni tarishi wa chuo. Ndiye kaka wa mama yangu aliyenilea tangu nikiwa sijui kufunga vifungo, na ndiye aliyenifundisha kuandika kwa kunishika mkono. Hubeba mafaili asubuhi, na vikao vinapokaa hubeba chai.

"Unafanya nini kwenye ngazi, mama?"

"Nafunga kamba za viatu, mjomba."

Akaitazama miguu yangu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Akainua sinia lake, akapita. Nilichokuwa nakifanya pale nitawaambia, ila kina zamu yake.

*

Asubuhi ya kikao nilipanda na kushuka jengo lile mara sijui ngapi. Niliingia maktaba, nikakuta kila kiti kimewekewa sweta la mtu asiyekuwepo. Nikatoka. Nikaenda kantini, nikaagiza chai, nikaondoka kabla haijaja.

Kijana mmoja wa darasa letu akanipigia simu, sauti bado iko kwenye mto.

"Mkono, kipindi cha saa tatu nifanyie mambo."

"Sisaini tena."

"Umeokoka?"

"Nimekwambia sisaini."

"Sasa sisi tutasoma vipi?" akauliza, na alikuwa anauliza kwa dhati.

Nikakata simu, nikateremka jikoni kwa mjomba. Ni chumba kidogo chini ya ngazi, kina sinki moja, jiko la umeme na kalenda ya chuo yenye picha ya wahitimu wanaorusha kofia. Alikuwa anafuta vikombe vya kamati, kimoja kimoja, akivishika juu kuelekea kwenye taa.

Nikamwambia. Kuhusu ile sahihi ya mahudhurio, nikamwambia yote. Hakuacha kufuta.

"Na yeye anajua?"

"Nimemwapia si mimi."

"Umeapa!"

"Mjomba, nikisema nitafukuzwa. Nimebakiza miezi mitano nimalize. Na wewe watakuita. Watasema mpwa wa tarishi ndiye anayeharibu karatasi za chuo. Wewe mwenyewe umebakiza mwaka mmoja tu ustaafu."

Akaweka kikombe chini.

"Nimewabebea chai wakuu wa chuo wanne," akasema. "Wawili waliondoka kwa aibu, mmoja akaondoka kwa miguu yake, huyu wa nne bado. Mimi nipo. Usinifanye mimi kisingizio."

"Sikufanyi kisingizio."

"Mficha maradhi kifo humuumbua, mama. Nenda ukaseme. Lakini ukisema, sema yote. Ukitoa nusu, hiyo nusu iliyobaki itakufuata."

"Yote ndiyo hayo."

Akachukua kikombe kingine, akakifuta muda mrefu kuliko kilivyostahili.

"Na yale ya kwenye ngazi?"

"Yapi?"

"Ya viatu."

"Nilikwambia, nilikuwa nafunga kamba."

"Haya," akasema mjomba. Akaanza kupanga vikombe kwenye sinia, vishikio vikielekea nje, kama anavyopenda.

*

Kamati ilikaa chumba cha mikutano cha ghorofa ya tatu, meza ndefu, viti vyenye magurudumu. Mwenyekiti alikuwa mlezi wa wanafunzi, mama mtu mzima mwenye miwani inayoning'inia kwa mnyororo. Kushoto kwake katibu na kompyuta yake. Kulia, mhadhiri wetu, ambaye wanafunzi tulimwita Bwana Nyaraka kwa sababu alihifadhi hata risiti ya maandazi.

Shangazi alikaa peke yake upande wa pili. Alikuwa amepiga pasi kila kitu. Mimi nikawekwa kiti cha shahidi karibu na mlango, na kile kiti kilikuwa hakitulii, kila nikipumua kinasogea.

"Eleza, mwalimu," mwenyekiti akasema.

Bwana Nyaraka akasimama. "Mimi nafundisha jambo moja miaka kumi na tisa. Watu husahau, karatasi haisahau. Karatasi inasema huyu binti alikuwa darasani kwangu saa nne. Tena sahihi yake naijua, ina mkia unaorudi nyuma. Sasa analeta karatasi nyingine inasema saa nne alikuwa anazika."

"Nilikuwa nazika," Shangazi akasema.

"Binti, mimi wanafunzi wangu huua watu kila muhula. Mwaka jana kuna mmoja alizika bibi watatu. Nilimuuliza babu yake alikuwa na wake wangapi."

Katibu akacheka, kisha akakohoa ili ionekane ni kikohozi.

Shangazi hakupandisha sauti. "Mwalimu, mama yangu nimemfukia kwa koleo. Udongo ulikuwa mbichi kwa sababu mvua ilinyesha usiku. Ukitaka nikuonyeshe mikono, malengelenge yamepona lakini alama zipo."

Akaiweka mikono juu ya meza. Hakuna aliyetaka kuitazama.

Mwenyekiti akavaa miwani. "Binti, mimi sikatai kwamba unaweza kuwa na huzuni. Naangalia kilicho mezani. Kosa la kughushi hati ya kifo halina onyo. Ni kufukuzwa, na barua kwenda vyuo vingine vyote. Unalielewa hilo?"

"Ndiyo, mama."

"Una shahidi?"

"Yule pale. Yeye ndiye anayeshika karatasi. Hawezi kunidanganyia."

Wote wakanigeukia. Wakati huo huo mlango ukafunguliwa polepole na mjomba akaingia na sinia la chai. Akaanza kuzunguka meza, kikombe kwa mwenyekiti, kikombe kwa mwalimu. Hakunitazama.

"Haya, shahidi," mwenyekiti akasema. "Jumatano hiyo mwenzako alikuwepo darasani?"

"Hakuwepo."

"Sahihi hii ni ya nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema sijui. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni. Lakini Shangazi alikuwa bado ameacha mikono yake pale mezani, wazi, kama mtu anayesubiri kurudishiwa kitu chake. Mdomo ukasema wenyewe.

"Ni yangu. Niliiandika mimi."

Katibu akaacha kuandika.

"Unasemaje?"

"Nilimsainia. Hakunituma, alinikataza. Nilijua amekwenda kwa mama yake mgonjwa, sikujua mama amekufa. Niliona akikosa tena hatafanya mtihani. Ndiyo maana mwalimu amekosa majibu yake, hakuwepo. Hakuingia, hakutoka kwa mlango wa nyuma. Alikuwa anazika."

Bwana Nyaraka akatikisa kichwa. "Marafiki hawa. Anajitoa kafara. Sahihi ile mimi naijua, haiigiki."

"Nipe karatasi, mwalimu."

Mwenyekiti akanisogezea karatasi na kalamu. Nikaandika. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, mkia ukirudi nyuma. Nikamsogezea Bwana Nyaraka. Akaiweka kando ya karatasi ya mahudhurio, akainama, akainuka, akainama tena.

Kijiko cha mjomba kikagonga sahani.

Bwana Nyaraka akaketi taratibu. Mzee wa watu alibadilika sura. Akavua miwani yake, akaishika, akawa hajui pa kuiweka. Kisha akasimama tena, safari hii akimwelekea Shangazi.

"Binti," akasema, "nimekukosea. Pole sana kwa msiba. Mimi pia mama nimemzika."

Sikutegemea. Machozi yakanitoka, na sioni aibu kuwaambia. Nilijiona mwepesi, nikaanza hata kuhesabu: nitafukuzwa, sawa, nitarudi nyumbani, nitafanya kazi yoyote, lakini huyu atabaki. Nikamtazama Shangazi nikitegemea walau shukrani ndogo.

"Uliniapia," akasema.

"Nisamehe."

"Uliniapia kwa Mungu, mama yangu hata wiki mbili hajamaliza kaburini."

Hapo ndipo nilipotamani ile bakora ya msomaji.

"Haya, yatosha," mwenyekiti akasema. "Habari ya huyu mwenye mkono tutaitazama kivyake, na si habari ndogo." Akafungua jalada lililokuwa mbele yake. "Ila kabla sijamwachia mwenzake, kuna jambo moja ambalo nilikuwa nimelinyamazia."

Akatoa kibali cha mazishi. Akakilaza mezani, kando ya zile sahihi tatu nilizotoka kuandika.

"Juzi tulipiga simu ofisi iliyotoa kibali hiki. Tukampelekea karani picha yake. Hawezi kututhibitishia kifo kwa simu, anataka barua, na barua itachukua wiki mbili. Lakini alitujibu jambo moja." Akaisoma kwenye simu yake, neno kwa neno. "'Jina ni langu. Sahihi si yangu.'"

Shangazi akasimama. "Haiwezekani. Hicho kibali kaka yangu alikwenda nacho makaburini, akanikabidhi mwenyewe."

"Basi mtu amekisaini baada ya kaka yako." Mwenyekiti alikuwa sasa ananitazama mimi. "Na leo tumeona kwa macho yetu kwamba katika chumba chenu kuna mtu anayeweza kuandika sahihi ya yeyote. Dakika tano zilizopita nilikuwa nawatafuta wawili, mwenye kughushi na mwenye kumsaidia. Sasa nawaona wote wako hapa. Mahudhurio mlitengeneza, na msiba mkautengeneza."

"Hapana!" Bwana Nyaraka akasema, lakini sauti ilimwishia njiani.

Sasa zamu ya ngazi imefika, ndugu zangu.

Siku ile niliyopeleka bahasha, nilisimama mlangoni mwa ofisi nikasoma tangazo lililobandikwa: hati isiyo na sahihi haipokelewi. Nikachungulia ndani ya bahasha, kujiridhisha tu. Mhuri upo. Tarehe ipo. Jina la marehemu lipo, na jina la karani lipo kwa herufi kubwa. Mstari wa sahihi ulikuwa mtupu. Yule karani alisahau, au aliitwa, au alikuwa na foleni ndefu ya watu wanaolia. Ilikuwa saa tisa na nusu. Kwa kina Shangazi ni siku nzima ya safari. Nikarudi ngazini, nikapiga goti, nikamwandikia karani sahihi yake. Sikuwahi kuiona. Niliibuni.

Yaani msiba ni wa kweli, mhuri ni wa kweli, kaburi lipo na udongo wake. Uongo ni ule mstari mmoja tu, na ni wangu.

"Nakuuliza wewe," mwenyekiti akasema. "Sahihi hii ya karani uliiandika wewe?"

Nikisema ndiyo, kibali ni cha kughushi kwa kukiri kwangu mwenyewe, na aliyekileta mezani ni Shangazi. Nikisema hapana, huenda wakangoja ile barua ya wiki mbili, na barua itasema mama amekufa kweli.

Shangazi akanishika kiwiko. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Hasira yote ilikuwa imemtoka usoni, imebaki hofu peke yake.

"Waambie," akaninong'oneza. "Waambie hukuiandika. Hii si umeikuta imesainiwa? Mdogo wangu, waambie hapana."

Hakujua. Aliniomba niseme kile alichodhani ni ukweli.

"Hapana," nikasema.

"Una hakika?"

"Nina hakika, mama mwenyekiti. Niliipeleka kama nilivyopewa."

Shangazi akafumba macho, akashusha pumzi. Mwenyekiti akachukua kalamu, akaanza kuandika kitu pembeni ya jalada. Nikaona kama tumepona.

Kisha nikasikia vikombe.

Mjomba alikuwa amesimama kwenye kona na sinia lake, na vikombe vyote vilikuwa vinagongana. Miaka thelathini na moja alikuwa anaingia chumba kile na kutoka bila kufungua mdomo. Akaliweka sinia chini, taratibu, juu ya kiti kitupu. Akajifuta viganja kwenye suruali.

"Naomba radhi, mwenyekiti," akasema. "Mimi si mjumbe, lakini nina neno."

"Sema, mzee."

Akanitazama. Nikamtikisia kichwa, kidogo tu, nikimwomba. Yeye ndiye aliyenilea, nilidhani atanielewa.

"Siku ile ya bahasha," akasema mjomba, "huyu mpwa wangu alikuwa amevaa kandambili."